Mama wa Kwenye Kaseti

Mwezi uliopita nilikuwa nimekaa saluni pale Kayanga, kichwa kikivutwa huku na huku na binti aliyekuwa ananisuka, wakati msichana wa kiti cha jirani alipofungua kichupa cha rangi ya kucha. Harufu ile ikanipanda puani, kali na tamu kwa pamoja, kama pipi iliyodondokewa na mafuta ya taa, na machozi yakanitoka kabla sijajua kwa nini. Msusi akadhani amenivuta sana, akaniomba radhi. Nikamwambia hapana, endelea tu. Ningemwelezaje kwamba nilikuwa nimerudi Kimuli, nina miaka minane, nimekaa juu ya mkeka wa kuanikia kahawa, na mbele yangu kuna mwanamke anaunganisha utepe wa kaseti kwa rangi ya kucha nyekundu, na kwamba aliyeukata utepe ule ni mimi?

Tulikuwa watu watatu katika nyumba ile. Baba alikuwa karani wa ghala la kahawa, mtu wa Muleba aliyeletwa Kimuli na kazi. Bibi, mama yake mzazi, alimfuata huko ili anilee mimi, Kemilembe, ambaye wote waliniita Kemi. Mama yangu alifariki kwa uzazi nilipokuwa ndiyo kwanza naachishwa ziwa, na mtoto aliyekuwa anamzaa naye hakukaa. Picha yake tulikuwa nayo moja, ya watu wengi waliosimama mbele ya kanisa, na uso wake humo ulikuwa mdogo kama punje ya harage. Baba hakumtaja. Bibi akilazimika kumtaja alisema “marehemu” kisha akapita haraka, kama mtu anayevuka mahali penye siafu.

Jumapili, tukishatoka kanisani na kula, Baba alitoa redio kaseti yake barazani. Alikuwa na kaseti kadhaa za kwaya, lakini saa ile aliweka moja tu, ya kijivu, isiyo na karatasi wala maandishi, na ndani yake alitafuta wimbo mmoja tu. Aliimba mwanamke, na gita kavu moja lilimfuata nyuma taratibu, kama mtoto anayemfuata mamaye kisimani. Sauti yake ilikuwa nyembamba, imetulia, na kabla ya kila mstari ulimsikia akivuta pumzi. Maneno sikuyaelewa hata moja. Lakini katikati ya wimbo gita lilinyamaza kidogo, na yule mwanamke akalitamka jina langu. Kemi, alisema. Halafu tena, chini zaidi: Kemi.

Siku moja nilimuuliza Bibi ni nani anayeimba. Alikuwa mlangoni mwa jiko anamenya ndizi, mikono imejaa utomvu. Nyumbani tulizungumza Kihaya, lakini tangu nianze shule Bibi alijitahidi kunijibu kwa Kiswahili ili nizoee, Kiswahili chake cha kuazima. Hakuinua hata kichwa.

“Ni mama huyo,” alisema. “Husikii sauti?”

Nilisikia. Tangu siku hiyo nilisikia vizuri kabisa. Angenijibu kwa Kihaya, ambamo mwanamke ni mwanamke na mama ni mama, nisingekuwa na mambo haya ya kusimulia.

Mambo mengi yalijipanga mahali pake siku ile. Ndiyo maana Baba hakumtaja, kwani utamtajaje mtu anayekuja barazani kwako kila Jumapili? Ndiyo maana hakueleweka, kwa sababu waliokufa bila shaka wana lugha yao. Na ndiyo maana alijua jina langu. Sikumwambia mtu. Haikuwa siri kwangu. Niliamini wote tunajua na kwamba ni adabu tu kutolisema, kama vile tulivyojua Mungu yupo kanisani lakini hakuna aliyemnyooshea kidole.

Wa rika langu wanakumbuka miaka ile iliyofuata vita. Sabuni ilikuwa ya mgao, sukari ya kunusa, na betri za redio, ambazo sote tuliziita mawe, zilikuwa kitu cha kubembelezwa mpaka pumzi ya mwisho. Mawe yalipoanza kuisha, sauti ya yule mwanamke ilizidi kuwa nzito na kuvuta, kama mtu anayepanda kilima na mkungu wa ndizi kichwani. Baba akikunja uso alisema, “Amechoka.” Alikuwa anamaanisha mawe, Kiswahili chake nacho kilikuwa cha Muleba. Mimi nilielewa nilivyoelewa. Nikajipa kazi ya kuyatoa yale mawe manne kila Jumatatu na kuyaanika juani, juu ya mkeka, kandokando ya kahawa ya maganda. Nikitoka shule niliyageuza upande wa pili kama nilivyogeuza kahawa, nikayapangusa vumbi kwa gauni. Jumapili sauti ikirudi nyembamba na safi, moyo wangu ulijaa. Bibi alinisifu kwamba nina akili ya kutunza vitu. Hakujua kwamba nilikuwa nauguza mgonjwa.

Mwalimu Dativa alihamia shuleni kwetu nilipoingia darasa la pili, akawa mwalimu wa darasa letu. Wazazi wake walikuwa wa asili ya Rwanda, walioingia Mabira kabla yeye hajazaliwa na kuanza maisha kwa kulima vibanja vya migomba vya wengine, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza katika ukoo wao kushika chaki. Alikuwa Mkatoliki, alipanda baiskeli ya kiume, na alipaka kucha rangi nyekundu, mambo ambayo Bibi, Mlutheri wa kurithi, aliyahesabu kwa vidole kila alipomwona akipita. Alijuana na Baba ghalani, alipokwenda kuomba magunia chakavu ili sisi wa darasa la pili tuache kukaa chini kwenye vumbi. Baba alimpa magunia. Kisha akawa anampelekea mengine mwenyewe. Kisha Jumapili moja nikaona baiskeli imeegemezwa kwenye ukuta wetu.

Sikumchukia. Napenda lieleweke hilo. Alikuwa mwalimu wangu, alinifundisha kuandika kwa mwandiko wa kuunganisha, na kwetu alikaa kwa heshima, miguu pamoja, akimwamkia Bibi kwa kupiga magoti ingawa Bibi aliitikia akiangalia pembeni. Tatizo lilianza alipousikia wimbo. Aliusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba anaufahamu, kwamba hata yeye anao, ila wake umepigwa upya na vijana wa roki. Baba akasema haiwezekani. Wimbo kama ule, alisema, ukiupigia ngoma unakufa. Mwalimu akacheka, akasema Jumapili ijayo atauleta ili aone ulivyo hai.

Alikuja nao kweli. Kaseti yake alikuwa amenakiliwa na rafiki yake wa chuo cha ualimu, nayo ilikuwa ya kijivu, bila maandishi. Baba aliiweka mwenyewe.

Kwanza zilikuja ngoma, kama mtu anayebomoa mlango. Kisha likaingia gita la umeme, likinguruma na kukwaruza kama mashine ya kusaga iliyoishiwa mahindi, na kuku wakatimka uani. Ndipo mwanaume akaanza kuimba, au tuseme kupiga kelele zenye mpangilio, kwa sauti iliyochanika. Bibi aliingia ndani na kufunga dirisha. Mimi nilibaki, kwa sababu kufika mstari wa tatu nilihisi kitu cha ajabu: niliufahamu. Ulikuwa ni ule wimbo wetu. Ilikuwa kama kukutana njiani na mtu wa nyumbani amevaa nguo za mtu mwingine na anapita bila kukusalimu. Nikasogea karibu. Kelele zote zikakatika ghafla, na katika ule ukimya mwanaume yule akaniita.

Kemi, alipaza sauti. Halafu tena, kwa nguvu zaidi.

Nilikimbia. Nilipita katikati ya migomba mpaka mwisho wa kibanja, nikachuchumaa nyuma ya mgomba mkubwa, majani makavu yakinichoma miguuni. Kutoka pale niliwasikia wakibishana barazani, kwa namna watu wazima wanavyobishana wakiwa na raha. Baba alisema vijana wale wameuharibu, kwamba jambo la mtu mmoja halihitaji makelele ya watu watano. Mwalimu alisema maneno ni yale yale, na sauti inapopanda na kushuka ni pale pale, ila mioyo ndiyo tofauti.

“Huyu mama amekwisha kulia,” alisema. “Anatusimulia tu. Huyu kijana ndiyo kwanza analia.”

 Kisha nikamsikia Baba akimwomba airudishe nyuma. Wakaanza kupiga kipande cha huku na kipande cha kule, wakitoa kaseti hii na kuweka ile, mstari kwa mstari, kama watu wanaolinganisha vitambaa viwili dukani. Na katikati ya wimbo ule, ambao miaka yote ulikuwa ukimfanya aangalie vilima tu, nikamsikia Baba akicheka.

Leo mimi ni mtu mzima, nimezisikia zote mbili mara nyingi, na nikiulizwa nitasema kila mmoja wao alikuwa na haki yake. Ya mwanamke inakuachia nafasi ya kuingiza mambo yako mwenyewe. Ya wale vijana haikuachii nafasi, inakushika shati. Kuna siku unahitaji hii na kuna siku unahitaji ile. Lakini mtoto wa miaka minane hana uwezo wa kupenda nyimbo mbili za namna hiyo. Mimi nilijua jambo moja tu: mwanaume nisiyemfahamu ameuchukua wimbo wa mama yangu, analijua jina langu, na aliyemleta nyumbani kwetu ni Mwalimu. Akizoea kukaa, mama atampisha. Hakuwa mtu wa kupigania kiti, mama yangu. Ulimsikia katika sauti.

Jumatatu, jina langu lilipoitwa darasani, sikuitika. Mwalimu aliliita mara mbili, akaniangalia, akaendelea na la mwenzangu. Kengele ya kutoka ilipolia nilikimbia nyumbani moja kwa moja. Baba alikuwa ghalani na Bibi alikwenda kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa. Kaseti zote mbili zilikuwa dirishani. Ya mama ilikaa siku zote ndani ya kiboksi chake cha plastiki. Nyingine ilikuwa wazi. Nikachukua ile iliyokuwa wazi, nikaenda nayo nyuma ya nyumba kwenye mibuni.

Niliuvuta utepe kwa kidole cha mwisho. Sikujua kama ndani ya kitu kidogo vile kunaweza kukaa utepe mrefu kiasi kile. Ulitoka na kutoka, wa kahawia, unameremeta, nami nikauzungusha kwenye matawi ya mbuni mmoja, kisha wa pili, kisha wa tatu, na pale ulipokataa niliukata kwa meno. Sikuona hofu yoyote. Nilijiona nimeilinda nyumba. Nilipomaliza nilinawa mikono, nikachukua ile ya kwenye kiboksi, nikayarudisha mawe ndani ya redio, yakiwa bado na joto la jua, ili mama aimbe na ajue kwamba mambo yamekwisha.

Zikaja ngoma.

Nilibonyeza kuzima. Nikabonyeza kuwasha tena, nikidhani labda ni kosa langu. Ngoma zikaendelea, na gita likaanza kunguruma. Katika kubadilisha badilisha jana yake, Baba na Mwalimu walikuwa wamekosea kiboksi.

Mwalimu Dativa alinikuta kwenye mibuni. Alikuwa amekuja kwa sababu ya kule kutoitika, alidhani naumwa. Mimi nilikuwa najaribu kuufungua utepe kutoka kwenye matawi, lakini kadiri nilivyohangaika ndivyo ulivyozidi kufungana na kukatika. Sikumwamkia. Nilisema tu, “Nimemuua mama.”

Hakuuliza mara moja. Aliiegemeza baiskeli, akakunja mikono ya blauzi, akaanza kuutoa utepe kutoka juu kwenda chini, kwa vidole vyenye subira, kama mtu anayefumua nywele za mtoto mwenye kichwa kibichi. Alinikalisha mkekani na kunipa kazi ya kushika ncha. Kila kipande alikipangusa kwa upindo wa sketi. Kisha akafungua mkoba, akatoa kichupa chake cha rangi ya kucha. Selotepu miaka ile ilikuwa ya kuisikia ofisini kwa wakubwa. Aliilalisha ncha moja juu ya mwenzake, akagusa kwa brashi, akapuliza taratibu mpaka ikakauka, akapita kwenye nyingine. Na huku anafanya hivyo alianza kuniuliza, bila kuniangalia usoni, na mimi nikamwambia yote. Nikamwambia kuhusu Jumapili, na mawe ninayoyaanika, na jinsi mama anavyochoka, na anavyoniita kwa jina, mara mbili, ya pili chini zaidi.

Brashi ilisimama hewani.

“Nani alikwambia kwamba huyo ni mama yako?”

“Bibi.”

Aliitazama nyumba, kisha akanitazama mimi. Nimekutana na watu wengi tangu hapo, wasomi na wacha Mungu, na sijui ni wangapi wangeweza kujizuia wasitabasamu, au wasiniambie ukweli palepale ili wamalize. Mwalimu hakufanya moja wala lingine. Aliifunga rangi ya kucha, akaifuta mikono yake, akasema, “Hili linamhusu baba yako. Mimi nitakaa hapa na wewe mpaka aje.” Tukakaa. Akaendelea kuuzungusha utepe ndani kwa penseli, na kila baada ya muda aliniomba nishike ncha, ingawa sasa naona hakukuwa na haja ya ncha kushikwa.

Baba alipotokea njiani, Mwalimu alinyanyuka kumfuata. Niliwaona wamesimama karibu na mlango wa kibanja. Mwalimu alizungumza kwa muda mfupi, Baba akavua kofia. Nilijua nitachapwa, na nilikuwa tayari. Badala yake alikuja akaketi mkekani, juu ya kahawa, na suruali yake ya kazi. Bibi naye alikuwa anaingia uani wakati huo, kitabu cha nyimbo kwapani, akasimama kutuangalia.

“Kemi,” Baba alisema, “huyu anayeimba simfahamu. Hata jina lake silijui. Si mama yako.”

Nikasema Bibi ndiye aliyesema. Bibi aliuliza alisema nini, na nilipomrudishia maneno yake aliweka mkono mdomoni. Akakaa kwenye ngazi ya jiko. Alisema kwa Kihaya kwamba alimaanisha omukazi, mwanamke tu, mwanamke yeyote, na akalirudia neno hilo, omukazi, omukazi, kana kwamba akilisema mara za kutosha litarudi nyuma na kukaa mahali pa lile la kwanza.

Nikauliza, basi amelijuaje jina langu? Hapo Baba alimgeukia Mwalimu, naye akanieleza polepole kwamba ni maneno ya Kiingereza, came in, yanayofanana na jina langu masikioni tu. Maana yake ni kwamba mtu aliingia ndani. Yule mwanamke anasema mtu aliingia, na yule kijana anasema vilevile. Hakuna kati yao aliyenifahamu.

Nililia. Baba hakuninyamazisha, wala Bibi. Kuna watu hufiwa wakiwa wachanga mno kuweza kulia, na kilio kinabaki mahali fulani kikisubiri. Mama yangu alikuwa na miaka sita kaburini, lakini mimi nilifiwa jioni ile, nikiwa na akili zangu, juu ya mkeka wa kahawa, mbele ya mwalimu wangu wa darasa. Nilipoweza kusema tena niliuliza swali ambalo sijui nililitoa wapi. Niliuliza mama yangu mwenyewe alikuwa anaimbaje.

Baba alifikiri. “Vibaya,” alisema.

“Vibaya sana,” alisema Bibi kutoka kwenye ngazi.

Nikadhani sijasikia vizuri. Lakini Baba alikuwa amekwisha kuanza, na sijawahi kumsikia akizungumza kwa muda mrefu vile. Alisema mama aliingia kwaya kwa sababu alipenda kuimba kuliko kitu chochote duniani, na kwamba mwalimu wa kwaya, baada ya kuvumilia kwa miezi, alimwomba kwa unyenyekevu asimame mstari wa nyuma na awe anafungua mdomo tu. Akakubali. Lakini siku ya Pasaka furaha ilimzidi, akasahau, akaitoa sauti yote, na kwaya nzima ikapotea njia, kila mtu na wake, mpaka mchungaji akasimama na kusema, tuombe. Baba alijaribu kutuonyesha. Alikaza shingo, akaimba mstari mmoja wa ule wimbo wa Pasaka kwa sauti nene inayoyumba.

“Siyo hivyo,” Bibi alisema. “Wewe unamfanya kama fahali. Alikuwa juu zaidi, na alikuwa anachelewa.” Naye akauimba mstari uleule, kwa sauti nyembamba inayokwenda nyuma ya wimbo kama ng'ombe mvivu nyuma ya wenzake. Baba akasema hapana, kuchelewa kweli alikuwa anachelewa, lakini sauti haikuwa ya juu. Bibi akasema yeye ndiye aliyekuwa akikaa naye jikoni kila alipokuja kuwatembelea. Wakabishana. Bibi alikuwa anacheka huku anajifuta macho kwa ncha ya kanga, na mimi, makamasi yakiwa bado usoni, niliwaambia warudie, kwanza Baba, halafu Bibi.

Ni Mwalimu aliyeuliza kama marehemu mwenyewe alijua kwamba hajui kuimba. Aliuliza kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli, naye hakuwahi kumwona.

“Alijua,” Baba alisema. “Alikuwa akisema Mungu ndiye aliyempa sauti hiyo, basi na aisikilize.”

Baadaye, tulipokuwa tunaizoa kahawa, nilimuuliza Baba kwa nini basi aliupenda ule wimbo wa mwanamke asiyemjua. Aliniambia aliinunua kaseti Bukoba mwezi uleule wa msiba. Kila mtu wakati ule alikuwa akimwambia maneno, ya pole, ya Mungu, ya kuoa tena, na yeye alikuwa anaelewa kila neno. Alitaka kukaa na mtu anayehuzunika bila yeye kuelewa hata neno moja. Sikumwelewa jioni ile. Nilikuja kumwelewa nilipofiwa na mume wangu.

Nilitumwa kumsindikiza Mwalimu mpaka barabarani. Aliikokota baiskeli, mimi nikashika kiti cha nyuma. Tulipofika kwenye njia panda nikamwambia kwamba akija kukaa kwetu asiuimbe ule wimbo. Alisimama ghafla hata pedali ikamgonga mguuni, kwa sababu hakuna aliyekuwa ametamka neno lolote kuhusu yeye kuja kukaa kwetu, wala yeye, wala Baba, wala padri wake, wala mchungaji wetu.

“Zote mbili?” aliuliza. “Wa yule mama na wa wale vijana?”

“Zote mbili.”

“Sitauimba,” alisema. Akapanda baiskeli akaenda, na nilimwona akigeuka mara moja kuniangalia, ingawa ni hatari kugeuka kwenye mteremko ule.

Walioana baada ya msimu wa kahawa, na mgogoro wa ni kanisa lipi ulikuwa mkubwa, na Bibi ndiye aliyekuja kuumaliza kwa namna iliyowashangaza wote, lakini hayo ni mengine. Ninachotaka kusema ni kwamba Mwalimu Dativa alitimiza neno lake. Alikuwa mtu wa kuimba. Aliimba akifua, aliimba akisahihisha madaftari, aliimba nyimbo za kwao za Kinyarwanda na nyimbo zetu za Kilutheri kwa makosa. Ule hakuuimba. Mwaka ukapita, ikapita mingi.

Nilikuwa kidato cha pili, nimerudi likizo, nilipotoka nyuma ya nyumba asubuhi moja na kumkuta anaanika mashuka. Alikuwa amenipa mgongo. Alikuwa anauimba, kwa mwendo wa wale vijana, haraka, akikung'uta shuka kila ngoma inapopaswa kupiga. Aliponiona akakatisha katikati ya mstari, akaziba mdomo kwa kiganja kama mwanafunzi aliyekamatwa akizungumza darasani, na macho yake yakaniomba msamaha.

Nilichukua ncha ya pili ya shuka ili tulikamue pamoja. Nikamwambia aendelee. Alinitazama kwanza, kuhakikisha. Kisha akaanza tena, palepale alipokuwa ameachia.